Siku Mama Alipokataa Kushuka kwenye Bajaji

Mama yangu alivunjika nyonga akigeuza kahawa kwenye kichanja, nyumbani kwetu Mbozi. Alikuwa amepanda juu ya gogo ili mkono ufike katikati, gogo likaviringika. Hospitalini Mbeya wakamwekea chuma. Daktari akatuambia kwamba bila mazoezi ya viungo, tena ya mtaalamu, mguu utakauka na hatatembea tena bila kushikwa. Mimi ndiye mtoto wake wa kike pekee, na ninaishi Tunduma, ninakoshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga. Nikamleta kwangu.

Kliniki ya mazoezi haikuwa mbali. Mtu mwenye afya angetoka mlangoni kwangu anaongea na simu na kufika kabla maongezi hayajaisha. Lakini kati yetu na kliniki kuna mtaro wenye ubao mmoja wa kuvukia, kisha mteremko wa mawe, kisha stendi ya bajaji, kisha barabara kuu yenye malori. Mama na magongo yake mawili hakuweza hata huo ubao. Ndipo jirani akanifundisha kuita bajaji kwa simu, hizi za mtandao zinazokuja mpaka mlangoni. Unabonyeza, unaona inakuja, nauli unaijua kabla hujapanda. Kwa miezi michache mambo yalikwenda, nami nikaanza kuamini kuwa mji huu una sehemu yetu pia.

Dereva aliyekuja mara nyingi alikuwa kijana wa Tanga, Mwislamu mpole, aliyekuja mpakani kutafuta maisha kama wenzake wengi. Alikuwa na namna ya kuongea iliyomfurahisha sana mama, ile ya pwani, ya kuuliza hali mpaka ya kuku.

"Shikamoo bibi. Waamkaje leo? Huo mguu umelala vyema?"

"Marahaba, mjukuu. Mguu umelala, mimi ndiye sijalala."

Alikuwa akimwinua mama bila kumshika kama mzigo. Kwanza alimpa mkono, akasubiri ajivute mwenyewe, ndipo akamalizia. Sikuwa nimemfundisha. Mama alisema huyo kijana kalelewa.

Halafu ikaja tozo.

Ilitangazwa na gari lenye spika lililozunguka mitaani asubuhi nzima. Kila safari ya bajaji au pikipiki inayoitwa kwa simu itakatwa tozo ya mji, na atakayelipa ni abiria. Tozo ni moja kwa wote. Anayekwenda mpaka Mpemba, nje ya mji, na anayevuka barabara tu kama mama yangu wanalipa sawasawa. Kwa safari yetu fupi, ile nyongeza ilikuwa karibu nusu ya nauli yenyewe, kwenda na kurudi, na mazoezi yalikuwa kila wiki zaidi ya mara moja. Anayepanda stendi hakatwi kitu. Kwa maneno mengine, mwenye miguu ya kufika stendi kasamehewa, na asiye na miguu ndiye mlipaji.

Sababu waliyoitoa ni msongamano. Hapo ndipo damu iliponichemka mara ya kwanza. Mtu yeyote aliyewahi kufika Tunduma, hata aliyepita usingizini, anajua msongamano wetu ni wa nini. Ni malori. Yamejipanga kuelekea Zambia, moja nyuma ya jingine, madereva wamening'iniza nguo zao zilizofuliwa kwenye vioo vya pembeni, wanapika ugali chini ya matela. Yanakaa hapo siku na siku. Bajaji inajipenyeza katikati yake kama panya. Wewe mwenye akili zako unaangalia picha hiyo, unasema tatizo ni bibi aliyekaa kiti cha nyuma?

Nililipa. Nililipa huku nikitukana kimoyomoyo, na mama nikamficha. Angejua, angekataa kwenda. Mama yangu ni mtu wa kilimo. Kila kitu anakipima kwa kahawa. Angeanza kuhesabu ni madebe mangapi yamekwenda kwenye kiti cha bajaji.

Dereva aliona. Siku moja, mama akiwa ndani anafanyiwa mazoezi, akaniambia, "Dada, hii tozo yawaumiza bure. Hapa na pale ni padogo mno. Mie naweza kuwachukua bila kuiandikisha safari kwenye simu. Mwanipa nauli yangu ya kawaida, basi."

"Na wakikukamata?"

"Wanikamate kwa lipi? Kwa kumpeleka bibi yangu kliniki?"

Nikakubali. Sikuona haya wakati ule na sioni hata sasa. Sheria inayomlenga mtu asiyeweza kuruka mtaro, mimi sina deni nayo.

Walimkamata. Ilikuwa asubuhi, tunakwenda. Tulipofika mahali barabara ya mtaa inapoingia barabara kuu, mwanamume aliyevaa reflekta akasimama mbele yetu ameinua mkono. Mkononi ana kile kimashine cha kutolea risiti. Nilimfahamu kwa sura, alikuwa akikusanya ushuru sokoni kabla hawajampa kazi ya barabarani. Bajaji za mtandao zilikuwa na kibandiko kwenye kioo, kwa hiyo hakuwa na shida ya kuzitambua.

"Nionyeshe safari kwenye simu," akamwambia dereva.

"Sijaiandikisha, kaka. Huyu ni mgonjwa, nampa msaada."

"Msaada unalipwa nauli?"

Dereva akazima injini. Yule mtu akainama, akatuchungulia. Hakusalimia. Mama ana nywele nyeupe na magongo yamelala mapajani mwake, lakini hakusalimia.

"Shukeni. Bajaji inakwenda yadi."

Nikamwambia mama yangu hawezi kushuka hapo. Upande mmoja kuna mtaro, upande mwingine malori. Nikamwambia atupeleke kwanza kliniki, ni pale tu, paa lake linaonekana, kisha amchukue dereva na bajaji yake popote anapotaka. Akasema yeye hafanyi kazi ya kusafirisha wagonjwa. Nikamwambia neno ambalo sitaliandika. Akasema ananisamehe kwa kuwa ni mwanamke. Nikalirudia lile neno.

Mama alikuwa kimya muda wote. Kiswahili chake ni cha taratibu, kina mwendo wa Kinyiha ndani yake, na watu wa mjini humwona kama hasikii. Alikuwa anasikia. Akamuuliza dereva, "Mjukuu, huyu anataka nini?"

Dereva akamweleza yote: tozo, nani anailipa, na kwamba safari ile haikuandikishwa. Mama akanigeukia. Macho aliyonitolea niliyafahamu tangu utotoni.

"Umekuwa unailipa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu tu? Hawa wanaopanda kule chini hawalipi?"

"Hawalipi."

Akageuka mbele, akaweka magongo yake sawasawa, akashika lile bomba la chuma nyuma ya kiti cha dereva. "Sishuki," akasema.

Yule mtu wa reflekta akacheka. Akarudia kumwambia ashuke. Mama akarudia kusema hashuki. Na bajaji ilikuwa imesimama pale pale barabara mbili zinapokutana, kwa hiyo haukupita muda, pikipiki zikajaa nyuma yetu, nyuma yake pikapu la viazi, na lori moja lililotaka kukata kona likakwama limepinda, tela lake likiwa limefunga njia nzima. Honi zikaanza. Nilisikia raha ya kisirani ambayo sijawahi kuisikia tena. Mlitaka msongamano, nikasema moyoni, huo hapo.

Watu hawakuwa upande wetu wote, nisidanganye. Dereva wa pikapu alishuka akasema bibi kizee anachezewa na watoto wake. Mwenye pikipiki mmoja akasema watu wa mtandao wanajifanya matajiri. Aliyetutetea kwa sauti alikuwa mama mmoja Mzambia, muuza vitenge, amebeba mzigo kichwani anarudi kwao. Akasimama kando ya bajaji akamwambia mama kwa Kibemba, "Ikaleni, mayo, ikaleni," yaani kaa, mama, kaa hivyo hivyo. Kisha akamsonya yule mtu wa ushuru msonyo mrefu, akaenda zake mpakani.

Mwishowe mtu wa reflekta akapiga simu. Likaja pikapu la ofisi yao na vijana wawili wa mgambo. Nilifikiri watambeba mama kwa nguvu, nikasimama mlangoni pa bajaji; mkasi wangu wa kazi ulikuwa kwenye mkoba, nashukuru sikuukumbuka. Hawakumgusa. Walifunga kamba kwenye bajaji, wakaivuta, na mama yangu ndani yake. Dereva alikaa mbele akishika usukani kwa amri yao. Mimi nilikimbia nyuma, viatu mkononi, mbele ya wateja wangu na wazazi wa watoto ninaowashonea. Mama hakugeuka nyuma. Alikaa wima kama yuko kwenye benchi la mbele kanisani.

Yadi ni uwanja wa vumbi nyuma ya ofisi, umejaa pikipiki zilizokamatwa, nyingine zimeota nyasi. Wakaifungua kamba wakatuacha juani. Mama akasema atashuka akishapelekwa kliniki na kijana wake, si vinginevyo. Mgambo wakaenda kumwita mkubwa wa ofisi.

Alikuja amevaa shati la mikono mirefu, saa kubwa. Huyu angalau alisalimia. Akasema, "Shikamoo mama. Tumesikitika. Kuna gari letu hapa la ofisi, dereva atakupeleka kliniki sasa hivi, na mambo ya bajaji tutaongea na wahusika."

Mama akalitazama lile gari jeupe chini ya kivuli chake cha mabati.

"Hilo gari lenu linapita barabara hiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Linalipa hiyo tozo?"

"Lile ni la serikali, mama."

"Basi siwezi kupanda. Mimi si serikali." Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa kweli, "Baba, hii fedha mnayochukua kwangu ni ya nini?"

"Ni ya kupunguza msongamano wa magari mjini."

"Mnataka nisije mjini?"

Mkubwa akatikisa kichwa. Akasema sheria haikumlenga yeye. Mama akamuuliza imemlenga nani. Akasema watu wanaoweza kumudu. Mama akamwambia, "Wanaoweza wana magari yao. Nimewaona. Hawakukatwa."

Akaondoka akisema atawasiliana na wenzake. Hapo saa ya mazoezi ilikuwa imeshapita. Jua likapanda. Dereva alivua kofia yake akawa anampepea mama nayo. Nilinunua maji, mama akakataa kunywa. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye kidogo akaninong'oneza kwa Kinyiha kwamba anataka kujisaidia.

Nikamtafuta mlinzi. Akanionyesha choo. Kilikuwa chini ya ngazi, cha kuchuchumaa, na mtu mwenye chuma nyongani hachuchumai. Nyumbani kwangu nilikuwa nimemtengenezea kiti kilichotobolewa. Nikauliza kama ofisini ndani kuna choo cha kukalia. Mlinzi akasema kipo, ni cha wakubwa, ufunguo ameondoka nao mhusika. Nikamwomba ampigie simu huyo mwenye ufunguo. Akaniambia nisimfundishe kazi. Nilipiga kelele uwanjani pale mpaka madirisha ya juu yakafunguka, vichwa vikatoka vikanitazama, kisha madirisha yakafungwa.

Mama alijikaza. Alijikaza mpaka alasiri, walipokuja kutuambia bajaji inaachiwa kwa ubinadamu, ndivyo walivyosema, kwa ubinadamu, na dereva atalipa faini baadaye. Dereva aliwasha, akaendesha kama aliyebeba mayai. Tulikuwa tumeliona bati la nyumba yangu mama alipoacha kujikaza. Dereva alipofika alimpa mama mkono kama kawaida, akasubiri ajivute mwenyewe, akamalizia, na kiti chake hakukiangalia. Nimemwambia mama kwamba ninaandika habari hii, nikamuuliza hiyo sehemu niiache. Akasema iandike, waisome, jina langu tu usiweke.

Nilikwenda kwenye mkutano wa hadhara wa kata yetu, uwanja wa shule. Sikwenda kwa upole. Mkubwa yule yule alikuwa meza kuu. Nilipopewa nafasi nikaeleza habari ya mama, nikaeleza kuhusu mtaro na ubao, nikauliza kwa nini anayeshindwa kutembea ndiye alipe. Akajibu kwamba tozo ni ya hiari, asiyeitaka aende stendi.

"Mama yangu hana miguu ya kwenda stendi!"

Watu wakacheka. Sijui nini kilichekesha. Kisha akasimama dereva mmoja wa stendi, mtu mzima, akaongea kwa utulivu. Alisema wao wa stendi wanalipa ushuru kila siku, wapate abiria wasipate, na hawa wa simu walikuwa wanawachukulia wateja bila kulipa chochote. Wao ndio walioiomba ofisi iweke tozo. Alichosema kilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana nilimchukia zaidi ya wote. Nilimjibu kwamba kama ugomvi ni wa madereva, wawatoze madereva au wenye mtandao. Mimi nimeingiaje? Mama yangu ameingiaje? Akapandisha mabega, akakaa. Mkubwa akafunga mjadala kwa kusema wagonjwa watasamehewa wakifika wenyewe ofisini kujiandikisha. Ofisi hiyo iko ghorofani. Haina lifti.

Yule kijana wa Tanga wenye mtandao wakamfungia, wakisema ameficha safari. Stendi hawakumtaka kwa kuwa alikuwa wa mtandao. Bajaji haikuwa yake, mwenye mali akaichukua. Akaenda Mkwajuni, anaendesha pikipiki ya kuwapeleka wachimbaji kwenye mashimo ya dhahabu. Alinipigia siku moja kumuulizia bibi. Nikamuuliza huko vipi. Akasema, "Huku hamna tozo, dada. Wala barabara hamna." Akacheka, mimi sikuweza.

Mama alikaa kwangu wiki moja zaidi. Sikuwa na wa kumwamini atuchukue, nikaita bajaji nyingine, ikaja, na mama akagoma kitandani. Nilimbembeleza, nikamfokea. Nilimwambia mguu utakauka. Akasema, "Ukauke. Nitakaa nao nyumbani kwangu." Nikamwambia nitalipa, nina kazi, nina mikono. Akaniambia haongelei fedha. Hakutaka tena kuwa mtu wa kugombaniwa barabarani na kunuka mkojo mbele ya kijana wa watu. Hayo ndiyo maneno yake. Kaka yangu akaja na gari alilolikodi, tukamweka mbele, akaondoka bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikiwa nimesimama kwenye ubao wa mtaro.

Mguu haukukauka wote, lakini ulifupika. Anatembea kwa gongo moja, anaburuta. Mtaalamu aliniambia kwamba mazoezi ya miezi ile iliyobaki ndiyo yangemtoa kwenye gongo. Nilimwomba aniandikie mazoezi ya kufanya nyumbani, nikayapeleka Mbozi, nikawafundisha watu wa kule. Wanayafanya wakikumbuka. Msimu wa kahawa hawakumbuki.

Tozo ipo. Kuna wanaoniambia nimuachie Mungu, kwamba mji unahitaji fedha za barabara na mitaro. Mtaro wetu bado una ubao ule ule, sasa umeoza upande mmoja. Nikiita bajaji kupeleka mafurushi ya sare, nakatwa, na kila nikikatwa naongea peke yangu kwenye kiti cha nyuma mpaka madereva wananitazama kwenye kioo.

Juzi nilikuwa sokoni nanunua uzi. Yule mtu wa ushuru alisimama karibu yangu, siku hiyo hakuvaa reflekta, amevaa shati la kawaida, anachagua nyanya na mke wake. Akanitambua. Akasogea, akashusha sauti kama watu waliofiwa pamoja.

"Habari za siku, dada. Yule bibi hajambo?"

Nikamtazama usoni mpaka mke wake akaacha kuchagua nyanya. Nikapokea uzi wangu na chenji, nikaondoka bila kumjibu.